Mwaka Mzima Kenrokuen: Maji Juu ya Kilima

19 Juni. Mvua

Imenyesha tangu alfajiri. Wenyeji wa Kanazawa wana msemo wao: sahau chakula cha mchana, usisahau mwavuli. Bibi mwenye nyumba alinirudia msemo huo mlangoni, akanipa mwavuli wake mkubwa, nikashika njia ya bustani ya Kenrokuen.

Kanazawa iko upande wa Japani unaotazama bahari ya Korea na Urusi. Kutoka Tokyo ni saa mbili na nusu hivi kwa Shinkansen, treni ya mwendo kasi iliyoanza kufika hapa Machi 2015. Nimekuja kusomea uhandisi wa maji, na Kenrokuen ninaifikia kwa miguu kutoka ninapoishi. Nimeamua nitakuwa naandika siku ninayokwenda, siyo wiki moja baadaye, kwa sababu bustani hii inabadilika haraka.

Nimeingia kwa lango la Katsurazaka, linalotazamana na lango la Ishikawa la ngome ya zamani. Kati ya ngome na bustani sasa inapita barabara ya magari, lakini zamani hapo palikuwa na handaki pana la maji la kuilinda ngome. Kiingilio ni yeni 320 kwa mtu mzima. Alfajiri kuna saa za kuingia bure, ilimradi utoke kabla ya saa ya kulipia kuanza.

Watu wengi huelekea moja kwa moja kwenye bwawa la Kasumigaike, kwenye taa ya mawe yenye miguu miwili ambayo picha yake imejaa kila mahali mjini. Mguu mmoja uko majini, mwingine mfupi umekanyaga jiwe ukingoni. Leo pale kulikuwa na miavuli mingi, nikapita pembeni. Hapo ndipo nilipowaona wanawake watano, wamechuchumaa kwenye mvua wakiwa na kofia pana na makoti ya plastiki, wanang'oa magugu katikati ya ule uoto mfupi laini wa kijani ambao Wajapani huuita koke. Kila mmoja ana kichomeo kidogo cha chuma. Anachomeka pembeni ya jani geni lisilozidi ukucha, analinyanyua na mzizi wake, analitia kikapuni, kisha anakishindilia kwa kidole kile kishimo kilichobaki. Nilisimama pale muda mrefu. Walisogea mbele hatua mbili.

3 Julai. Mvua imepungua

Leo nimezunguka yote. Hii ni bustani ya kutembea. Haikutengenezwa ili mtu aketi barazani aitazame. Inajifungua kadiri unavyokwenda, njia inapinda, kichuguu kinaficha bwawa, daraja linakuleta mahali ambapo hukutegemea. Ukubwa wake ni hekta 11 na ushei. Huhesabiwa kuwa moja ya bustani tatu kuu za Japani, pamoja na Kairakuen ya Mito na Korakuen ya Okayama.

Wenyewe walikuwa ukoo wa Maeda, watawala wa Kaga, jimbo la zamani la hapa, tangu Maeda Toshiie alipoingia ngome ya Kanazawa mwaka 1583. Ardhi yao ilikadiriwa kuzaa zaidi ya koku milioni moja za mchele, na koku moja ilihesabiwa kuwa chakula cha mtu mmoja kwa mwaka. Ukiwatoa Tokugawa, waliotawala nchi nzima, hakuna bwana aliyewazidi akina Maeda kwa mali. Tajiri wa kiasi hicho akinunua silaha angeshukiwa. Wao mali wakaimwaga kwenye sanaa ya chai, ufinyanzi, nakshi za dhahabu, na mahali hapa.

Mwaka 1676 bwana wa tano, Tsunanori, alijenga nyumba mtelemkoni karibu na ngome na kuizungushia bustani. Moto ukaiteketeza mwaka 1759. Harunaga, wa kumi na moja, akaanza upya mwaka 1774, na waliomfuata wakaipanua hadi juu ya kilima. Jina la sasa lilitolewa mwaka 1822 na Matsudaira Sadanobu, aliyewahi kuwa mshauri mkuu wa Tokugawa, kwa ombi la bwana Narinaga, na linahusu sifa sita zilizotajwa katika maandishi ya kale ya China kuhusu bustani za Luoyang: upana, faragha, kazi ya mikono, ukale, maji, na mandhari ya mbali. Maandishi hayo yanasema sifa hizi zinagombana mbili mbili. Penye upana faragha hukosekana. Kazi ya mikono ikizidi, ukale hupotea. Na palipo na maji mengi mtu haoni mbali, maana maji hukaa bondeni.

Huo mgogoro wa tatu umenishika. Kasumigaike ni bwawa la mita za mraba 5,800, na liko juu. Ukisimama upande wa mashariki unaona mji chini yako, na hewa ikiwa safi unaona milima na hata bahari. Hakuna mto unaopita hapa. Maji haya yamepandaje?

17 Agosti. Joto kali

Nyenje wanapiga kelele mpaka masikio yanauma. Nimekuja kutafuta maji.

Jibu linaitwa Tatsumi Yosui. Mwaka 1631 moto mkubwa uliunguza mji na ngome, na ngome ilikuwa juu bila maji ya kutosha. Bwana Toshitsune akaagiza mfereji. Aliyepewa kazi ni Itaya Heishiro, mtu wa mjini Komatsu, na mwaka 1632 maji yalifika. Mfereji unachota mto Sai huko juu na kusafiri kilomita 11 hivi, sehemu ndefu ikiwa ndani ya mahandaki yaliyochimbwa kwa mkono kwenye mwamba, kwa mteremko mdogo mno. Ukikosea mteremko huo kidogo tu, maji yanasimama njiani.

Mimi ni Mchaga wa Machame, na hii kazi naijua. Kwetu tuna mifongo, mifereji ya wazee iliyochota mito juu msituni na kuzungusha maji kwenye miteremko ya Kilimanjaro mpaka mgombani, bila pampu, kwa jicho na uzoefu. Babu yangu aliweza kukwambia kwa kutazama tu kwamba hapa mfongo umeinuliwa mno. Nilipoona mchoro wa Tatsumi Yosui nilimkumbuka yeye kabla ya walimu wangu wote.

Kulikuwa na tatizo jingine. Mfereji ulifika kilima cha bustani, lakini ngome ilikuwa ng'ambo ya bonde. Walipitisha maji ndani ya mabomba yaliyofungwa, kwanza ya mbao na baadaye ya mawe, yakashuka bondeni na kupanda tena upande wa pili, kwa kuwa maji ndani ya bomba lisilovuja hutafuta kimo kilekile yalikotoka. Bustani ina ushahidi wake mpaka leo: chini ya Kasumigaike kuna maji yanayoruka juu mita tatu na nusu hivi, usiku na mchana, bila mtambo wowote. Yanasukumwa na uzito wa bwawa lililo juu yake tu. Inasemekana ndiyo chemchemi ya kurusha maji ya zamani kuliko zote Japani. Bwawa likipungua, nayo inashuka. Watu wanapita wakipiga picha na kuondoka; mimi nilikaa pale mpaka jasho likakauka.

Nikashuka hadi bwawa la chini, Hisagoike, lenye maporomoko ya mita 6.6 na nyumba ya chai ya Yugaotei, ya mwaka 1774. Pale ni baridi kidogo hata mwezi wa Agosti. Maji ni yaleyale ya juu, yanashuka ngazi kwa ngazi, na kila ngazi wameyapa kazi: hapa yametulia, pale yanapita chini ya daraja, hapa yanapiga kelele.

1 Novemba. Baridi asubuhi

Kila mwaka tarehe hii huanza kazi ya yukitsuri, kamba za kuyashikilia matawi yasivunjwe na theluji, na huanza kwa mti mmoja: msonobari wa Karasaki. Bwana wa kumi na tatu, Nariyasu, aliuotesha kwa mbegu zilizotoka Karasaki, kando ya ziwa Biwa. Matawi yake yametanda juu ya maji ya Kasumigaike, marefu, yamelala karibu kabisa na uso wa bwawa, na chini yake wameweka nguzo za kuyaegemeza.

Nilifika mapema, lakini wazee wenye kamera walikuwa wameshapanga viti. Nguzo tano za mianzi na mbao zinasimama kupita katikati ya mti, ndefu kuliko mti wenyewe. Fundi anapanda mpaka kileleni akiwa amevaa viatu laini vyenye kidole gumba pembeni, anafunga kamba za majani ya mpunga juu kabisa, kisha anazirusha moja moja chini. Anapaza sauti kila anaporusha. Wenzake walio kwenye ngazi, na wengine majini kwenye mashua, wanadaka, wanavuta mpaka kamba inyooke, wanafunga kwenye tawi. Mti huu peke yake unachukua kamba 800 hivi.

Nilisogea kwa fundi mmoja aliyepumzika, nikamsalimia kwa heshima, nikamuuliza atajuaje amevuta vya kutosha. Akanyoosha mkono, akanionyesha kwa kiganja: tawi lisinyanyuke. Likinyanyuka, umelibeba kabla theluji haijaja, na litazoea. Kamba inabaki imelegea kiasi kidogo kabisa, tawi lijibebe lenyewe mpaka siku litakaposhindwa. Mikono yake ilikuwa na mipasuko myeusi vidoleni. Akaniambia amefanya kazi hii tangu ujana, na kwamba fundi mpya hukaa miaka chini akidaka kamba kabla ya kuruhusiwa kupanda nguzo.

Kazi itaendelea mti kwa mti mpaka katikati ya Desemba.

18 Novemba

Kilima cha Yamazaki kimewaka. Momiji, yaani miti ya maple, nyingi nyekundu, nyingine za njano, na watu ni wengi mno. Nimeingia Shiguretei, nyumba ya chai iliyojengwa upya mwaka 2000, nikanywa chai ya unga ya kijani na andazi tamu dogo. Sina zaidi la kuandika kuhusu majani mekundu. Picha zake zinatosha. Nilipenda zaidi msonobari wa Neagari, ulioko njiani kurudi: Nariyasu aliupanda juu ya kichuguu, mti ulipokomaa udongo ukaondolewa, na sasa mizizi zaidi ya 40 imesimama nje ikiubeba, kimo cha mita 2 kutoka ardhini. Unaweza kupenya macho kati ya mizizi ukaona upande wa pili.

24 Januari. Theluji

Usiku kulikuwa na radi. Nchi nyingi radi ni ya wakati wa joto au wa mvua, lakini pwani hii hunguruma wakati wa baridi, na wavuvi wanasema inawaamsha samaki wa buri walete msimu wao. Bibi mwenye nyumba aliisikia akasema kesho itaanguka. Ikaanguka.

Theluji ya hapa ni nzito. Upepo wa baridi unatoka Siberia, unapita juu ya bahari yenye joto kiasi na kubeba unyevu, unagonga milima na kuumwaga wote upande huu. Inaanguka ikiwa imelowa. Niliitia mkononi ikawa bonge papo hapo, na maji yanachuruzika.

Ndipo nikaelewa kile kiganja cha Novemba. Matawi ya Karasaki yamebeba theluji unene wa mkono wangu kutoka kifundo hadi kiwiko, na kamba zote 800 zimenyooka, zimekaza. Niligusa moja iliyokuwa karibu na njia: ngumu, inatetemeka kidogo upepo ukipita. Kwenye mti mdogo ambao haukufungwa, nje ya uzio, tawi lilikuwa limepasuka pale linapoungana na shina, na ndani yake kuna weupe mbichi.

Mafundi walikuwepo. Walipita na mianzi mirefu wakigonga theluji ishuke kwenye miti midogo, na wengine wanafagia njia. Huku ng'ambo, kwenye ngome, sehemu za kuta za mawe zilibomoka katika tetemeko la Noto la tarehe 1 Januari 2024, na watu wa hapa bado hulitaja kila mwaka mpya unapoingia. Upande wa kaskazini mwa mkoa maumivu yalikuwa makubwa zaidi. Bibi ana ndugu zake huko, na mimi sijawahi kumuuliza mengi.

27 Februari

Miplamu imeanza. Kuna shamba lake kando, aina nyingi, nyeupe, waridi na nyekundu, na harufu unaipata kabla hujaona ua. Theluji bado imebaki kwenye vivuli. Wageni wachache leo, wengi wao wazee wa mjini, ambao huingia bure wakionyesha kitambulisho cha umri.

Nimesimama pia mbele ya sanamu ya shaba ya Yamato Takeru, shujaa wa hadithi za kale, iliyowekwa mwaka 1880 kuwakumbuka askari wa hapa waliokufa katika vita vya Satsuma vya mwaka 1877. Haina kinyesi cha ndege. Yukio Hirose wa Chuo Kikuu cha Kanazawa aliichunguza sababu, akakuta shaba yake ina sumu ya arseniki nyingi, na mwaka 2003 akapewa Ig Nobel ya kemia, tuzo ya utafiti unaochekesha kwanza kisha ukakufanya ufikiri. Nimeitazama kwa robo saa. Njiwa walitua kwenye miti ya pembeni, kwenye mawe, kwenye njia. Juu yake hapana.

15 Machi

Leo kamba zimeanza kufunguliwa. Watazamaji ni wachache kuliko Novemba, na sielewi kwa nini, maana kazi ni ileile na inahitaji uangalifu uleule. Fundi anafungua tawi moja moja, na kabla ya kuachia anaweka kiganja chini yake, anasubiri, kisha anaondoa mkono polepole. Kamba zilizotumika zinakusanywa chini. Za mpunga huoza, kwa hiyo Novemba zitakuja mpya.

8 Aprili. Jua

Mdogo wangu amefika kutoka Moshi juzi. Amekuja wakati ambao micheri imechanua, na siku hizi chache bustani hufunguliwa bure, mchana na usiku chini ya taa. Mji mzima uko hapa. Watoto wa shule, maofisa na suti zao, mabibi katika kimono, wanandoa wapya na wapiga picha wao.

"Dada, hii yote wanakuja kuangalia maua tu?"

"Wanakuja kukaa chini ya maua. Wiki ijayo yatakuwa yamedondoka."

Alinyamaza kidogo, akasema, "Sasa mbona sisi mjakaranda ukichanua Moshi hatuendi kukaa chini yake?"

Nilikosa jibu, na bado sina. Tulikaa ukingoni mwa mfereji karibu na daraja la Hanami, petali zikawa zinapita majini makundi makundi. Nikamweleza habari ya mfereji, nao mifongo ya babu akaitaja yeye mwenyewe kabla sijafika hapo.

30 Aprili

Micheri mingine imekwisha, na sasa ni zamu ya kikuzakura, unaochanua wa mwisho. Ua moja lina petali zaidi ya 300. Huanza jekundu lililoiva, likafifia kuwa waridi, likakaribia weupe, na mwisho linadondoka zima pamoja na kikonyo chake. Mdogo wangu aliokota lililoanguka, akalipeleka karibu na macho, akatenganisha petali kwa ukucha mpaka akachoka. Mti wa kwanza ulikufa mwaka 1970. Huu ni wa kizazi cha pili, uliopatikana kwa kubebesha kipande cha ule wa zamani kabla haujafa.

7 Mei

Tarehe 7 Mei 1874 ndipo Kenrokuen ilipofunguliwa rasmi kwa watu wote. Mabwana walikuwa wameshapoteza madaraka, na kilima kilichokuwa cha familia moja kikawa cha kila aliyetaka kupita. Leo hakuna sherehe niliyoiona. Airisi za zambarau zimejaa kingo zote za mfereji, na mafundi wamevaa mabuti marefu, wako ndani ya maji, wanatoa matope na majani yaliyooza chini ya madaraja. Mmoja ananikumbuka. Alinielekeza nifuate mfereji mpaka mwanzo wake, kwa kuwa huku bustanini naona mkia tu.

11 Mei

Tumekwenda, mimi na mdogo wangu. Tulipanda basi kuelekea kusini mashariki, kisha tukatembea kando ya mfereji kila ulipojitokeza. Ni mwembamba kuliko tulivyofikiria. Sehemu nyingine unaweza kuuruka. Unapita nyuma ya nyumba za watu, kwenye mianzi, unaingia kwenye mwamba na kutokea mbele. Kwenye mdomo wa handaki moja niliweka mkono ukutani. Alama za patasi zipo, fupi, zimepangana kwa ulalo, za karibu miaka 400.

Huko juu ni wakati wa kupandikiza mpunga. Mzee mmoja alikuwa ukingoni mwa jaruba lake, amevua viatu. Tulimsalimu, akatusalimu, akatuuliza tunatoka wapi, na tulipomwambia Kilimanjaro akacheka kwa furaha, mlima anaujua kwa picha. Alitufafanulia jinsi maji yanavyogawanywa njiani: mashamba yana saa zao, bustani ina kiasi chake, na kila majira ya kuchipua wenye mashamba hukutana kusafisha sehemu yao. Asipotokea mtu, jirani anajua. Mdogo wangu akanitazama, kwa sababu huo ni utaratibu wetu wa nyumbani neno kwa neno.

Mzee aliinua kibao kimoja cha mbao, maji yakaingia jarubani. Akakirudisha nusu, akapima kwa jicho yanayobaki mferejini, akakisogeza tena kidogo. Sisi tukaendelea kupanda kuelekea mto Sai, kwenye mwamba ambapo maji yanaingilia, tukafika saa tisa alasiri, tukala mikate yetu ya wali pale juu na kuanza kurudi kabla ya basi la mwisho.